Poda ya Laure

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Nafasi sitini. Walioomba, zaidi ya mia tisa. Nimepiga hesabu mara tatu: watoto kumi na watano wanagombania kiti kimoja. Na mmoja wao ni Laure wangu! Asilimia sabini na nne kwenye mtihani wa Serikali, na anataka kuwa daktari. Leo asubuhi ameosha vyombo huku anaimba. Anaimba! Mtoto asiyeogopa hajaelewa hali ilivyo. Basi nimeamua kuogopa kwa niaba yake.

Fakulte ya udaktari inafunga kupokea dosie, yaani makaratasi ya maombi, Ijumaa saa tisa. Mchana Laure amenikabidhi bahasha kubwa yenye dosie yake yote, akasema nimtunzie. Mwishowe! Mtoto ametambua nani ni kichwa cha mambo katika nyumba hii.

Nimeishusha mara moja ndani ya shimo la sebuleni, lile nililochimba mwenyewe wakati mtaa wetu mzima wa Kasulo ulikuwa unachimba kobalti chini ya vitanda vyake. Sasa limefunikwa kwa mbao na busati. Hakuna mahali salama zaidi. Nimeificha kwa sababu ya jirani yangu Tata Swedi. Ana malori mawili, na binti yake Aicha anaomba udaktari vilevile. Dosie ya Aicha iko ndani ya mkoba wa ngozi. Wa ngozi!

Mke wangu Mianda ameniuliza kwa nini ninakohoa. Nimemwambia ni vumbi la barabara.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Sikulala vizuri. Nimeitoa dosie kuikagua. Barua ya kueleza sababu za kutaka udaktari iko kwenye bahasha ndogo iliyofungwa kwa gundi. Nimeipima kwa kiganja. Nyepesi! Ukurasa mmoja, labda nusu. Nani aliingia udaktari kwa nusu ukurasa? Sikuifungua hata. Nimeitupa shimoni, nikaandika nyingine mimi mwenyewe, kurasa saba. Naanza na uumbaji wa dunia. Ukurasa wa tatu babu yangu anatoka Kasai kwa gari moshi kuja kufanya kazi mgodini. Ukurasa wa sita Laure anazaliwa. Nimeisoma kwa sauti na machozi yalinitoka.

Halafu picha. Niliazima koti jeupe la muuza nyama, ili kamati imwone Laure tayari ni daktari. Lilikuwa na madoa machache ya damu. Nikasema ndiyo hasa, daktari wa kweli. Laure alikataa kulivaa. Nikalivaa mimi kumwonyesha jinsi linavyokaa, na mpiga picha, mtu mwenye haraka, akapiga. Tuna picha nne, zote ni zangu. Nimezitia ndani ya dosie hata hivyo. Uso ni uleule, nimezidi masharubu tu.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Leo nimepata mtu. Wapinzani wote wana mtu, mimi nilikuwa sina. Anaitwa Kabasele, anakaa getini mwa chuo chini ya mwavuli, amevaa tai. Kila anayepita anamsalimia. Amenieleza kwamba dosie zinazopita dirishani zinalala chini ya zile nyingine, lakini yeye anaweza kuiweka yetu juu kabisa. Ila wakubwa wa ndani wanapenda kuku.

Nimerudi nyumbani mbio, nikamchukua jogoo wa Mianda. Kabasele amepokea jogoo kwa mkono mmoja na dosie kwa mkono mwingine. Nimeona alivyoibeba, kwa heshima kubwa.

Mianda amemtafuta jogoo mpaka jioni. Nimemwambia atarudi. Laure ananiangalia, kisha anaendelea kusoma. Na kuimba.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Balaa! Balaa tupu!

Nimepita chuoni kumsalimia Kabasele. Mwavuli haupo. Kabasele hayupo. Nimemuuliza mlinzi wa geti ofisi ya Bwana Kabasele iko wapi. Amecheka mpaka akashika ukuta. Kumbe Kabasele ni mtu wa kutoa nakala za makaratasi pale nje, na mashine yake imeharibika tangu Pasaka. Watu wanamsalimia kwa sababu wanamdai makaratasi yao.

Dosie ya mwanangu imepotea, na kesho saa tisa wanafunga! Sikuuza gunia hata moja leo, na kazi yangu ni kuuza magunia kwa wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi. Nilizunguka mji mzima kwa miguu. Halafu nikafanya jambo ambalo sikutarajia kulifanya maishani: nimemuomba Tata Swedi lifti.

Tumezunguka na lori lake saa tatu nzima. Aliniuliza namtafuta nani. Nikasema jogoo. Akasema kwa upole kwamba ni jogoo wa bahati kupendwa namna hiyo. Hatukumpata. Nilikohoa njia nzima, vumbi la magari ni baya siku hizi. Swedi alifunga dirisha.

Sijui nitamwambia nini Laure. Miaka kumi na miwili ya shule, na mimi nimeipa mtu wa mwavuli.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Nimekiri. Saa mbili asubuhi, nimepiga magoti mbele ya mtoto wangu kwenye ukumbi, na Mianda amesimama na mwiko. Nimesema yote: Kabasele, jogoo, kurasa saba.

Laure aliniinua. Alisema: “Tata, simama. Ile nilikupatia ni fotokopi. Ya kweli nilisha peleka siku ya kwanza, mi na Aicha.”

Nikamuuliza kwa nini basi alinipa nakala. Akasema: “Juu utulie.” Yaani ili nitulie.

Nimefurahi sana. Pia nimekasirika. Ina maana kamati haitasoma kurasa saba! Ina maana dunia itaumbwa bure! Mianda aliuliza tu kama jogoo naye alikuwa fotokopi.

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

AMEPITA! Mungu ni mkubwa! Amepita!

Orodha imebandikwa leo kwenye ubao wa chuo. Watu walikuwa wengi, vichwa juu ya vichwa, nikapita chini ya kwapa za wazazi wenzangu. Sikuona mwanzo wa karatasi, lakini jina nililiona kwa macho yangu mawili. Sikungoja kitu. Nimenunua makopo sita ya poda na kumkodi mtu wa ngoma na mtu wa tarumbeta.

Laure alikuwa uani anafua. Kabla hajageuka nilikuwa nimemmwagia kopo la kwanza kichwani, kama inavyompasa mtoto aliyefaulu. La pili Mianda. La tatu majirani. Kasulo yote ilitoka! Laure alikuwa anapiga kelele maneno fulani lakini tarumbeta ilizidi. Tumemtembeza mpaka njia panda, mweupe kama mtu wa unga. Mama Florentine wa nyumba ya tatu alicheza na goti lake bovu.

Kwa Swedi kimya. Alikuwa barazani anakunywa chai. Nikamwonea huruma mzee wa watu, nikamwagia na yeye poda kidogo begani.

Jumanne, tarehe 16 Septemba

Ile haikuwa orodha ya waliofaulu. Ilikuwa orodha ya waliokubaliwa kuja kufanya mtihani. Majina mia nne. Aicha naye yumo. Mtihani wenyewe ni keshokutwa.

Swedi alikuja kunieleza usiku jana, taratibu, poda bado iko begani. Alijua tangu asubuhi, alikuwa amesoma karatasi toka juu. Nilimuuliza mbona hakusema. Akasema: “Tata Badibanga, na ile tarumbeta, ningesemea wapi?”

Sasa wagonjwa wamefika. Tangu saa kumi na mbili asubuhi wako kwenye foleni mlangoni kwangu. Mama Florentine na goti. Mtu mwenye jino. Mwanamke amemleta mbuzi. Wote wanamtaka Daktari Laure, na Daktari Laure amejifungia chumbani na vitabu vyake, poda bado iko masikioni. Nimewaambia daktari hapokei wageni wiki hii. Wamesema tayari ana tabia za daktari.

Jioni nimemsikia akilia. Haimbi tena. Mianda ameniambia kwamba asipopita sasa, mtoto hataweza hata kwenda kisimani kwa aibu, na mimi ndiye niliyemfanyia hivyo. Naogopa. Safari hii naogopa kweli.

Alhamisi, tarehe 18 Septemba

Siku ya mtihani. Niliapa nitakaa nyumbani. Saa tatu nilikuwa chini ya dirisha la ukumbi wa mtihani, nimechuchumaa nyuma ya ua wa miti. Si kwa ajili ya udanganyifu! Nilitaka tu awe na baba karibu, hata kama hajui.

Amejua. Kikohozi kilinishika. Niliweka leso mdomoni, nikaweka shati, kikazidi. Sijawahi kukohoa vile, nilidhani roho inatoka. Msimamizi alifungua dirisha. Vichwa vya watoto vikageuka, na kati yao nikaona cha Laure, na macho yake. Mlinzi alinitoa nje kwa kunishika mkono kama mgonjwa. Swedi alikuwa getini anamngoja Aicha. Alinipa maji, akanifuta mgongo mavumbi.

Laure alitoka saa saba. Nilimuuliza mtihani ulikuwaje. Nilimuuliza mara nne. Yeye akaniuliza: “Tata, ile kikohozi iko na muda gani?”

Nimemwambia ni majani ya ule ua.

Jumatano, tarehe 24 Septemba

Amepita. Safari hii nimesoma karatasi toka juu, neno kwa neno, muhuri, sahihi, tarehe. Nikamuomba mlinzi asome pia. Laure ni wa thelathini na nane. Aicha ni wa kumi na mbili. (Ni ule mkoba wa ngozi.)

Nilikuwa na makopo mawili yaliyobaki. Nimekimbia njia nzima napiga kelele kwamba amepita. Hakuna aliyetoka! Mama Florentine alitoa kichwa dirishani akasema: “Eh, shi tulisha mumwangia poda? Batu bengine bana batoto bangapi?” Yaani Laure amekwisha kumwagiwa, na mimi nina watoto wangapi. Mtu wa tarumbeta alisema hapigi ushindi mmoja mara mbili. Nimesimama njia panda na makopo yangu mawili, baba wa daktari, peke yangu.

Nyumbani Mianda amemkumbatia mtoto kwa muda mrefu. Halafu Laure akafunua busati, akatoa mbao, akaniambia nishuke nikachukue ile barua niliyoitupa. Mama yake aliniona siku ile nikiitupa. Yote wanaona wanawake hawa.

Nilishuka. Nikaisomea kulekule chini, kwa tochi. Ni nusu ukurasa kweli. Inasema baba yake alichimba chini ya nyumba miaka sita ili yeye asome. Inasema baba yake anakohoa na kila mara anataja vumbi jipya. Inasema hataki kuwa daktari wa watu wote, hilo litakuja baadaye. Kwanza anataka kujua kitu kilichomo kifuani mwa mtu mmoja, kabla hajachelewa.

Nilikaa mule shimoni muda mrefu. Nililia, sitaficha hapa. Nilipopanda juu, Laure alisema sharti lake: Jumamosi naenda hospitali kupiga picha ya kifua. Nisipokwenda, yeye hajiandikishi chuoni, nafasi apewe wa sitini na moja. Nikamwambia hawezi. Mianda akasema anaweza.

Nimeahidi. Kwa Mungu nimeahidi.

Ijumaa, tarehe 26 Septemba

Nimewaza siku mbili. Ahadi ni ahadi. Lakini tuangalie mambo kwa akili. Ile picha ikitoka mbaya, mtoto atavunjika moyo, hatasoma, mwaka wa kwanza utamshinda. Je, huo ni wema? Mzazi mwenye akili humlinda mtoto wake.

Na jibu liko hapo jirani! Tata Swedi hajachimba hata siku moja maishani. Miaka yote ni usukani na chai. Kifua chake lazima ni safi kama sahani. Urefu wetu ni mmoja, umri wetu karibu mmoja. Ataingia kwa jina la Badibanga, picha itatoka safi, Laure atatulia, wote tutatulia.

Nimemwendea leo mchana. Nilijiandaa kubembeleza, hata niliandaa jogoo mpya. Hapakuwa na haja. Amekubali papo hapo! Ameomba jambo moja tu: nimsindikize mpaka ndani, mpaka mlangoni mwa chumba cha mashine, na nivae shati lenye vifungo vya mbele, lisiloleta taabu kulivua. Anasema mbele ya madaktari tufanane. Nikasema hakuna shida. Mtu mwema, Swedi. Hana ujanja, lakini mwema.

Saa kumi nimemwona kwenye ua anaongea na Laure, wanacheka kidogo. Nimefurahi. Ujirani ni jambo zuri. Jioni Laure amenipigia pasi shati mwenyewe, lile la vifungo, bila kuombwa. Na alikuwa anaimba.

Hajui kitu. Kesho saa mbili.