Kioo Hakijivunji

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Michezo,

Pokea salamu za mzee anayesoma gazeti lako kuanzia nyuma kwenda mbele, kwa kuwa michezo mmeiweka nyuma na siasa inaweza kusubiri. Nilifundisha fizikia mpaka nilipostaafu, kwa hiyo uniwie radhi nikieleza jambo moja mara mbili. Wanafunzi wangu walizoea.

Juzi mwandishi wako alitoa habari yenye kichwa "Kioo Chapasuka Tena". Kioo ni jina ambalo mashabiki wamempa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, winga wa kushoto ambaye msimu huu ameonekana zaidi kwenye viti vya majeruhi kuliko uwanjani. Mwandishi wako anauliza kama kuumia huko kunatokana na mtindo wa maisha au ni bahati mbaya, kisha, bila kumpa msomaji nafasi ya kukuna kichwa, anajijibu mwenyewe kuwa ni starehe. Ushahidi wake ni huu: kijana huumia Jumapili, siku ya mapumziko, halafu Jumatatu hufika mazoezini akichechemea na akiulizwa alikuwa wapi hutazama viatu vyake.

Ningeweza kunyamaza, maana gazeti la asubuhi jioni hufungiwa karanga. Lakini Ijumaa hii wakurugenzi wa klabu wanakutana kuamua kama watamwongezea mkataba au watamwacha aende zake, na habari ile imekatwa na kubandikwa ukutani katika chumba chao cha mikutano. Kijana huyu hana kazi nyingine wala hajawahi kuitaka. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa utaratibu, na naomba yachapishwe kabla ya Ijumaa.

1. Kuhusu starehe. Mwandishi wako hakufanya uchunguzi, mimi nimefanya. Mama mwenye nyumba anakopanga Kioo ananiambia kuwa mpangaji wake hulala kabla ya kuku, na kwamba muziki pekee aliowahi kuusikia chumbani mle ni simu ikiita bila kupokelewa. Jokofu lake nimelifungua mwenyewe. Lina maji, mayai na chupa ya dawa ya kuchua misuli. Nilikwenda pia kwa dobi wake, mtu anayefua na kupiga pasi nguo za nusu ya mtaa na ambaye kwa kunusa kola tu anajua nani alikesha wapi. Nilimuuliza kama mashati ya mpwa wangu yananuka pombe au manukato ya kike. Akacheka. "Mzee wangu, haya yananuka dawa ya kuchua tu. Mchumba akimtaka huyu, inabidi awe na mafua." Kama hiyo ndiyo starehe, basi watawa wote wafungiwe mechi tatu.

2. Kuhusu jina la Kioo. Sipingi utani, ila napinga utani unaovunja sheria za maumbile. Kioo hakijivunji. Kikiachwa mezani kitakaa mpaka wajukuu waje wakirithi. Ili kivunjike ni lazima pawepo nguvu kutoka nje. Ukikuta kioo kimevunjika, huulizi kililala wapi. Unauliza nani alikuwa karibu. Mwandishi wako hakuuliza swali hilo hata mara moja, na hapo ndipo ninapopata mashaka na elimu yake.

3. Kuhusu Jumapili. Sasa nalazimika kusema kile ambacho kijana mwenyewe, kwa adabu aliyofunzwa, amekataa kukisema. Kila Jumapili huwa kwangu. Huja kutusalimu mimi na mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu mkuu wangu kabla hajakubali kuwa mke wangu. Huingia kwa furaha, huvua viatu mlangoni, hula, kisha husogea sebuleni, ambako nyuma ya kiti changu nimehifadhi ubao mdogo na chaki kwa ajili ya mambo yanayohitaji mchoro. Na mambo mengi, Ndugu Mhariri, yanahitaji mchoro.

Hapo ofisini kwako pengine utaniuliza, sasa huumia vipi? Ni haya yafuatayo.

Mara ya kwanza nilikuwa nikimweleza kwa nini mpira uliopigwa kwa upande wa mguu hupinda hewani. Nilikuwa nimemaliza utangulizi na kushika chaki ya rangi, mara akaruka kutoka kitini akisema amekumbuka ameacha pasi kwenye umeme. Msuli wa nyuma ya paja ukakatika kabla hajafika mlangoni. Sasa nakuomba utafakari: kijana huyu hana pasi. Nguo zake hupigwa pasi na yule dobi niliyekwisha kumtaja. Kuna bahati mbaya kuliko kuumizwa na pasi ambayo haipo?

Mara ya pili nilimsindikiza mpaka getini, kama mwenyeji mwema anavyopaswa, nikaegemea geti na kuendelea pale nilipoishia. Yeye alishapita. Alikuwa akirudi kinyumenyume kuelekea barabarani, akitikisa kichwa na kuitikia "ndiyo, Mjomba, ndiyo, Mjomba", na katika "ndiyo" mojawapo akaingia kwenye mtaro wa maji machafu na kuteguka kifundo cha mguu. Mtaro ule uko pale tangu tuhamie. Majirani wote wanaupita. Ilikuwaje umchague yeye?

Mara ya tatu, na hii ndiyo inayonishinda hadi leo, aliomba kwenda msalani. Nikatumia nafasi ile kufuta ubao ili tuanze ukurasa mpya. Tukasikia kishindo nje, upande wa karo la kufulia. Tulipotoka tukamkuta chini, ameshika goti, na dirisha la msalani liko wazi juu yake. Nimefanya hesabu za upepo unaohitajika kumtoa mtu wa uzito ule kupitia dirisha la ukubwa ule. Upepo wa namna hiyo ungeondoka na paa, na paa lipo.

Daktari wa klabu, alipompima mara ile ya kwanza, alisema msuli umechanika kama wa mtu aliyeanza mbio bila kupasha mwili. Namheshimu daktari, lakini nauliza: ni nani anayeanza mbio sebuleni kwa watu?

4. Kuhusu tabia ya bahati mbaya. Wapo watakaosema bahati mbaya haina kanuni. Hilo nalikubali, na nina ushahidi. Kuna Jumapili moja nilikuwa na mafua makali, sauti imekauka kabisa. Kijana alikula, akakaa, akacheka na mke wangu, akalala kidogo kwenye kochi, akaamka, akaomba chai, na jioni akaondoka kwa miguu yake miwili, mzima kama alivyozaliwa. Kwa nini bahati mbaya ilipumzika siku ile na si nyingine? Sayansi bado haijajibu.

5. Kuhusu ninachoomba. Kwanza, mwandishi wako amwombe radhi mpwa wangu, na pia aiombe radhi starehe, ambayo imesingiziwa kosa isilolifanya. Pili, katika msimamo wa ligi muongeze safu ya bahati, baada ya mabao ya kufunga na kufungwa, ili kila timu ijulikane ina kiasi gani. Tatu, chama cha mpira kiitambue bahati mbaya kama mchezaji wa timu pinzani, na ikicheza rafu ionyeshwe kadi. Nne, mimi mwenyewe niruhusiwe kuwaeleza mashabiki suala hili uwanjani wakati wa mapumziko, nikiwa na ubao mkubwa na kipaza sauti. Mapumziko hayo yaongezwe muda, kwa kuwa dakika kumi na tano hazinitoshi hata kumaliza utangulizi.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie wapiga picha wako, wapanga kurasa, mlinzi wa mlangoni kwenu, ambaye siku niliyokuja alinisikiliza kwa subira mpaka zamu yake ikaisha, na hata mwandishi wako, ambaye simchukii. Mwambie milango yangu iko wazi Jumapili yoyote, aje nimfafanulie.

Wako katika kutafuta ukweli,
Mjomba wa Kioo,
Mwalimu mstaafu wa fizikia.

Nyongeza: Barua zangu zote hupitia kwa mke wangu kabla ya kutumwa, desturi iliyobaki tangu alipokuwa akikagua maandalio yangu ya masomo. Hii ameisoma mara moja, akavua miwani na kusema: "Umeandika vizuri, mume wangu. Sasa nionyeshe humo mahali ambapo mtoto ameumia akiwa anakuja."

Nimetafuta tangu asubuhi. Hapapo. Kijana hajawahi kuumia akiingia kwangu, huumia akitoka. Nimerudia pia ile Jumapili ya mafua, na nasikitika kusema kuwa ina kanuni kabisa. Nilimpigia simu mwenyewe. Akasema, "Hapana, Mjomba, ni bahati mbaya tu," lakini alichelewa kujibu, na nyuma yake nilimsikia mama mwenye nyumba akicheka.

Kwa hiyo malalamiko namba tatu na nne yafute, na la pili lisome upya taratibu. Kama nafasi ni finyu, chapisha nyongeza hii peke yake. Mke wangu anasema ndiyo barua. Ijumaa atakwenda yeye kwa wakurugenzi, kwa kuwa yeye ataeleza kwa sentensi mbili, na mimi nimeombwa nibaki nyumbani. Wamwongezee kijana mkataba bila wasiwasi. Chanzo cha majeraha kimepatikana, kimekabidhi chaki kwa mwalimu mkuu, na kuanzia Jumapili hii kitakula na kunyamaza.

Ila lile ombi la kuhutubia uwanjani sijaliondoa. Nimechunguza: pale uwanjani milango ni mingi na mipana, na hakuna atakayeumia.