Kikao cha Dharura Kuhusu Kompyuta Inayocheua

Waliohudhuria:
Bw. Luhende, Kaimu Mratibu wa Pamba na Mifugo (Mwenyekiti)
Bw. Mihayo, Afisa Mifugo
Bi. Kabula, Afisa Pamba
Bi. Gloria, Afisa TEHAMA
Kompyuta ya Kaimu Mratibu (ikiwa imewashwa)
Aliyetoa udhuru: Printa

Kaimu Mratibu alifungua kikao kwa kutangaza kwamba siku hiyo Bariadi ilikuwa inaingia katika historia ya utawala bora, kwa kuwa hakuna ofisi nyingine mkoani Simiyu iliyowahi kujadili afya ya kompyuta mbele ya kompyuta yenyewe. Wajumbe walipiga makofi. Kompyuta ilijibu tik, tik, tik, kisha ikakoroma.

Luhende aliitazama kwa mapenzi ya mzazi. Ndani yake mlikuwa na Taarifa ya Mafanikio, ambayo mchana huo angeisoma mbele ya Bi. Flora, mkaguzi kutoka mkoani, ili athibitishwe kuwa Mratibu kamili. Ukaimu ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa sato. Suti ya kuthibitishiwa alikuwa ameshaivaa. Taarifa yenyewe ilikuwa moja tu duniani, maana alipiga marufuku kuinakili, asije mtu wa wilaya jirani ya Maswa akajipatia mafanikio yasiyo yake.

"Bosi, diski ya hiyo mashine inakufa," alisema Gloria. "Huo mlio si wa kawaida. Kuiwasha tu, mtu anasonga ugali, anakula, anaosha na vyombo. Inaganda katikati ya sentensi. Mafaili mengine hayafunguki, mengine hayaonekani kabisa. Na asubuhi imeandika yenyewe kwenye kioo kwamba tuweke nakala. Flashi ninayo hapa. Niruhusu tu."

"Mwanangu," alisema Mzee Mihayo kwa huruma, "wewe umezaliwa mjini."

"Nimezaliwa Binza, mzee."

"Si ndiyo mjini kwenyewe!"

Mzee Mihayo aliinuka, akavua kofia, akaweka sikio kwenye ubavu wa kompyuta kama alivyozoea kumsikiliza ndama.

"Inacheua," alitoa taarifa.

Luhende alihisi kifua kikifunguka.

"Ng'ombe mgonjwa huacha kucheua," aliendelea mtaalamu. "Huyu anacheua vizuri sana. Uzito wake ni wa shibe. Hayo mafaili yasiyoonekana yako machungani, jioni yatarudi."

"Na joto?" aliuliza Luhende. "Jana niliigusa, nikaondoa mkono haraka."

"Huenda ina mimba."

Mwenyekiti aliagiza uwezekano huo uingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.

"Itatuzalia laptopu," alisema Kabula, akiuma ncha ya kitenge ili asicheke.

"Jamani, hiki ni chuma!" Gloria alisimama. "Ninakili taarifa moja tu. Dakika chache!"

Luhende alimweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mwajiriwa mpya. Kunakili nyaraka za ofisi kulihitaji kibali. Kibali kilisainiwa na Mratibu. Mratibu hakuwepo, alikuwepo Kaimu, ambaye hangeweza kusaini mpaka athibitishwe, na hangethibitishwa mpaka taarifa isomwe.

"Mnaona jinsi utaratibu ulivyokamilika?" alihitimisha. "Hauna hata tundu."

Ikaamuliwa kwamba kompyuta ipumzishwe hadi mgeni atakapofika.

"Usiizime!" alipiga kelele Gloria. "Ikizimwa haitaamka!"

"Bi. Gloria, hata wewe unalalaga."

Wajumbe walisimama kwa heshima. Luhende aliizima kwa mkono wake mwenyewe, na Kabula akaifunika kwa kitambaa.

Bi. Flora alifika mchana, viatu vikiwa vimejaa vumbi.

"Mwadila, mayu!" Mzee Mihayo alimwamkia mgeni kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Haya, Bwana Luhende, nimekuja kusikia mafanikio."

Luhende alikaza tai, akaondoa kitambaa, akabonyeza. Taa iliwaka. Tik. Tik. Kikafuata kishindo kimoja kidogo, kama karanga inayovunjwa kwa jino. Kioo kikabaki cheusi, chenye mstari mmoja wa Kiingereza.

"Inasema haioni diski," alisoma Gloria.

"Haioni kivipi? Si imeibeba yenyewe tumboni!"

Mzee Mihayo aliinama, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akavua kofia tena. "Imeacha kucheua."

"Hakuna shida," alisema Bi. Flora. "Nisimulie kwa mdomo. Tangu ukaimu ofisi hii, umefanya nini?"

Luhende alifungua kinywa. Alikumbuka jalada la taarifa, lenye herufi za kijani. Alikumbuka pia maneno "kwa kushirikiana na wadau". Alijaribu kuwakumbuka wadau. Jasho lilipenya suti.

"Mengi, mheshimiwa," alisema hatimaye. "Yote yamo humo ndani."

Bi. Flora akawageukia wengine.

"Mimi nilichanja ng'ombe kule Mwamapalala," alisema Mzee Mihayo. "Mmoja alinipiga teke hapa pajani. Nikuoneshe?"

"Nakuamini, baba. Na wewe, dada?"

"Nilipeleka mbegu za pamba Nkololo, barabara ikiwa bado inapitika."

"Nani alikuagiza?"

Kabula alifikiri. "Mawingu."

"Kaimu alikuwa wapi?"

"Alikuwepo ofisini. Alikuwa anaandika mafanikio."

Bi. Flora alisimama, na wajumbe wote wakasimama. Luhende alifunga vifungo vya koti, kwani hukumu nzuri humkuta mtu akiwa nadhifu.

"Nimeridhika kwamba kazi za ofisi hii zinafanyika," alitangaza Bi. Flora. "Nimeridhika pia kwamba hazimhitaji Mratibu, wala wa kumkaimu. Nafasi hiyo imefutwa kuanzia sasa. Kesho kuna chanjo, na Bwana Luhende atakwenda na Mzee Mihayo. Mzee atashika sindano. Yeye atashika pembe."