Harusi Ziende Kilometa Hamsini kwa Saa

Kamina, Jumatano

Kwa Bwana Meya wa Mji wa Kamina,
Ofisini kwake

Kuhusu: gari langu ni zima, mwendo wa harusi ndio mgonjwa

Bwana Meya,

Nakusalimu kwa heshima na kwa kalamu isiyopiga kelele, kwa sababu binti yangu Talitha yuko chumba cha pili anajaribu gauni, na hajui kwamba naandika. Mimi ni Malachie Mulongo, fundi umeme mstaafu wa vichwa vya treni. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna kichwa cha treni kilichonidanganya. Jumamosi hii Talitha anaolewa, na Jumatatu mumewe anamchukua kwenda Kabondo-Dianda, anakofundisha shule. Hilo si lalamiko, ni taarifa tu. Lalamiko langu ni la kiufundi.

Nina gari la mwaka 1974, rangi ya maziwa, lililompeleka marehemu mke wangu Mathilde kanisani siku ya harusi yetu. Nimeahidi kwamba Talitha atakaa kwenye kiti kilekile. Gari hili likienda kasi halina neno: upepo unaingia kwenye radiatere, maji yanapoa, mshale wa joto unatulia. Likienda mwendo wa miguu upepo hakuna, na hapo feni inapaswa kuzunguka yenyewe. Inayoiamuru ni kontakti, swichi ndogo iliyofungwa kwenye radiatere, ambayo ikisikia maji yamekuwa moto inaunganisha umeme. Siku hizi inasikia na kunyamaza. Mwezi uliopita, katika harusi ya binti wa jirani yangu Constant, gari lilitoa mvuke mbele ya stesheni. Bibi harusi akashuka, akamalizia safari kwa miguu, shela lake limeshikwa na muuza mikate.

Feruzi, muuza vipuri wa sokoni, alikuwepo. Alifungua kifuniko cha injini mbele ya watu wote, akachomoa nyaya mbili za kontakti, akazigusanisha. Feni ikazunguka. Akatangaza: "Papa Malachie, ventilatere iko muzuri. Kontakti njo imekufa. Minyi niko na moya ku magazini, kuya tu." Yaani nikanunue nyingine dukani kwake. Watu wakacheka. Bwana Meya, mimi nimefufua vichwa vya treni vilivyolala porini. Sifundishwi umeme na mtu anayeuza pia ndoo na kandambili.

Nilifanya uchunguzi wangu mwenyewe. Nilichemsha kontakti ndani ya sufuria ya dada yangu Mbombo, nikaiunga na betri na balbu. Maji yalichemka, balbu haikuwaka. Nilirudia mara tatu, maana pengine ilikuwa inaona haya. Mbombo alichungulia sufuria yake akasema, "Yaya, unapika chuma, utakula na bukari?" Nikamwambia kaka mkubwa haulizwi habari za ugali akiwa kazini. Hitimisho langu ni hili: kontakti haikufa. Imestaafu, kama mimi, na mstaafu halazimishwi kazi. Sasa, ikiwa feni ni nzima na injini ni nzima, kilichobaki kuharibika ni mwendo wa harusi zetu. Kwa hiyo naomba amri ifuatayo itolewe kabla ya Jumamosi saa tatu asubuhi.

Kwanza. Msafara wa harusi usiende chini ya kilometa hamsini kwa saa.

Pili. Mashangazi wa bibi harusi, ambao kwa desturi hucheza mbele ya gari wakienda kinyumenyume, wakitandika vitenge chini na kulisimamisha kila hatua kumi, wacheze kwa kasi hiyohiyo. Dada yangu Mbombo ana miaka sitini na minne na goti moja lisilokunjika. Simbagui: apakizwe kwenye pikipiki, atazame nyuma, na acheze kuanzia kiunoni kwenda juu. Vitenge virushwe kutoka pembeni.

Tatu. Kutoka kwangu hadi kanisani ni mita mia nane. Kwa kilometa hamsini tutafika kabla dakika moja haijaisha, na watu watasema bibi harusi ameibwa. Ili kulinda heshima, msafara uelekezwe kwanza njia ya Kabongo, kilometa ishirini kwenda na ishirini kurudi. Kama kuna mashimo, yafukiwe Ijumaa. Padri asubiri, yeye ndiye anayetuhubiria subira kila Jumapili.

Nne. Ili isisemwe kwamba sheria imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja, ihusu mazishi pia. Wafiwa watanung'unika, lakini marehemu mwenyewe hatanung'unika, na shughuli ni yake.

Tano. Feruzi akatazwe kutamka neno "imekufa" kuhusu kitu chochote nilichokishika mimi. Hili ni dogo. Lakini ukilazimika kuchagua moja kati ya matano, chagua hili.

Najua utauliza: mzee, si ukachukue tu kontakti nyingine? Bwana Meya, kontakti ina kipuri, jina la fundi halina. Nikienda kwenye kile kibanda, mji mzima utajua kwamba Malachie alishindwa na kitu kinachoenea kiganjani. Nisipokwenda, naogopa, nakuambia wazi. Naogopa mvuke utoke tena, Talitha ashuke kwenye kiti cha mama yake mbele ya wakwe, na mimi nibaki nimeshika usukani. Ndiyo maana naona ni rahisi zaidi kubadilisha mji.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, walinzi wa mlangoni, na askari watakaopewa kazi ya kuwakimbiza mashangazi. Waambie wavae viatu vyepesi.

Wako mtiifu, injini ikiwa imezimwa,

Malachie Mulongo

Nakala: Padri wa parokia. Mbombo, kwa niaba ya mashangazi. Feruzi, kwa taarifa tu, asijibu.

Nyongeza, siku ya Ijumaa. Barua ilikuwa bado mezani nikitafuta bahasha, Amida, mke wa Feruzi, akaingia na kitenge cha kumtunza bibi harusi. Ndani ya kitenge kulikuwa na kontakti mpya. Nikataka kuirudisha. Akaniambia, "Papa, hii njo ya Talitha. Haiko yako weye." Zawadi ya bibi harusi haikataliwi, hata na baba yake. Nimeifunga. Tuliacha injini ikinguruma uani, Talitha amekaa kiti cha nyuma na gauni lake, sote tukitazama mshale ukipanda. Kisha feni ikaanza kuzunguka yenyewe, na Talitha akapiga makofi kama alivyokuwa akipiga utotoni. Nililia, na sababu haikuwa ya kiufundi.

Kwa hiyo futa yote, hata la tano; Feruzi aseme apendavyo. Weka moja tu badala yake: kesho asiwepo mtu wa kutuharakisha. Mbombo atandike vitenge vyote alivyo navyo na asimamishe gari kila goti lake likitaka kupumzika. Kanisa liko mita mia nane tu, Bwana Meya, na Kabondo-Dianda ni mbali.