Kigari Kisichokunywa

Siku wakubwa walipopandisha bei ya dizeli kwa mara ya tatu na kutuhimiza tufunge mikanda (wao wakafunga ile ya viti vya nyuma, katika magari tunayoyajazia mafuta sisi), mji mzima ulinuna isipokuwa mtu mmoja. Huyo aliitwa Asali, kwa sababu ya ulimi. Alisikia tangazo, akauza friji ya dada yake, akanunua kigari cha dizeli kilichochoka zamani.

Dada, ambaye ndiye aliyempa chumba, alikuwa amesafiri kumuuguza binti yake aliyejifungua. Angerudi baada ya wiki mbili. Kabla ya hapo ilibidi Asali auze kigari kwa bei ya kuringia na friji mpya iwe imesimama pale pale. Friji isipokuwepo, na yeye hatakuwepo. Dada hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Akamwendea Mama Mikate, aliyeoka na kusambaza mikate yake mwenyewe.

"Mama, hiki hakinywi, kinalamba. Ukijaza Jumatatu, Jumatatu ijayo mshale bado uko juu unakutazama."

"Mwanangu, hata mbuzi hunywa."

"Kaa nacho wiki mbili. Ukiona nimekudanganya, nirudishie."

Ukweli ni kwamba kigari kile kilikunywa kama ngamia aliyefika kisimani. Lakini Asali alijua jambo moja: mwokaji huamka alfajiri, adhuhuri hulala. Basi kila adhuhuri alinyata na dumu na ufunguo wa akiba wa tangi, akamimina polepole, kama anayemnywesha mgonjwa dawa.

Mwanzoni dumu moja lilitosha. Wiki ya pili yakawa mawili, kisha matatu. Ikauzwa saa yake ya mkononi, vikafuata viatu vya harusini. Siku moja akamvizia Mama Mikate sokoni.

"Mama, naona siku hizi unafika mbali."

"Si ulisema hakinywi? Nimeongeza njia mbili. Jana nimempeleka shangazi kliniki, nikapitia kwa shemeji kule mlimani."

"Mlimani?"

"Mara mbili. Nilisahau mkoba."

Asali akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino na rafiki yake.

Siku ya kumi na nne alifika na shati lililopigwa pasi, mkataba mfukoni. Mama Mikate akamkabidhi ufunguo.

"Sinunui."

"Kwa nini, mama?"

"Nimekuona tangu siku ya pili, dirishani. Halafu unamwaga ukimimina. Uwe mwangalifu, dizeli ni ghali."

"Ukaniona, ukanyamaza?"

"Mwanangu, wakubwa wananifanyia hivyo miaka yote. Wananiahidi nafuu, na anayejaza ni mimi. Mara hii nilitaka kuonja upande wa pili." Akajifuta unga mikononi. "Mtamu."

Asali alipofika stendi na kigari, dada alikuwa ameshashuka basi, mizigo miguuni. Akaingia kigarini, akapapasa kiti.

"Kizuri. Cha nani?"

"Chetu, dada."

"Kumbe umepata kazi. Na friji yangu, bado inagandisha?"

Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima katikati ya barabara, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Umeikalia, dada," akasema Asali, akashuka kusukuma.