Mbwa wa Kuuzwa Kila Mwezi

Mtu anayenunua mkanda wa mbwa kabla ya kuwa na mbwa ni riziki inayotembea kwa miguu miwili. Hivyo ndivyo alivyowaza Sharubati alipomwona yule mwanamke katika duka la vyakula vya mifugo, akiulizia mkanda mkubwa kuliko yote na bakuli la kulingana nao.

Jina la Sharubati alilipata mtaani kwa utamu wa maneno yake. Mtaji wake ulikuwa mmoja tu: Jemedari, mbwa wa mbegu safi, mrefu wa kufika kiunoni, manyoya ya kahawia yanayong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Anamuuza Jemedari kwa tajiri anayetaka kuwaringia majirani, anamwasa amfungie ndani kutwa, maana mbwa wa ukoo bora hapendi bughudha. Jemedari, ambaye asipokimbia hupandwa na wazimu, anatafuna kochi, anaruka ukuta na kurudi kwa bwana wake. Mwezi ukigeuka anauzwa upya, upande mwingine wa mji. Tuseme haki: wateja wenyewe walijitakia nusu ya hasara, kwani hata mmoja hakuwahi kuuliza mbwa yule anakula nini.

Huyu aliuliza.

"Mama yake yuko wapi?"

"Mama yangu mimi?"

"Mama wa mbwa. Nataka nione kizazi alichotoka. Chanjo kachomwa na nani? Na kwa siku anakimbia kiasi gani?"

Sharubati alimeza mate, kisha ulimi ukarudi kazini. "Dada yangu, huyu ni mbwa wa heshima. Mbio waachie mbwa wa jalalani."

"Basi mdogo wangu, siwezi kumchukua kama nachukua sufuria. Niachie wiki moja nimjaribu, naye anijaribu. Tukielewana nakulipa."

"Na akipotea mikononi mwako?"

"Nakulipa mara mbili."

Moyo wa Sharubati ulicheza ngoma. Mara mbili, na mbwa juu yake! Tamaa ikamfanya aongeze kiburi. "Mimi sina wasiwasi, dada. Jemedari akikaa kwako wiki nzima bila kutoroka, mchukue bure."

"Hata nikiacha lango wazi?"

Ikabidi Sharubati ajikohoze ili kuficha kicheko. "Liache wazi," alisema, na wakapeana mikono mbele ya muuza duka.

Hakuuliza mwanamke yule ni nani, na hapo ndipo mjanja wetu alipoingia cha kike. Daktari wa meno aliyeuziwa Jemedari mwezi uliopita alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Kaka mtu alipolilia kochi lake, dada mtu alikwenda kuutazama ukuta uliorukwa, akaupima kwa macho, akampenda mbwa kabla hajamwona, ndipo akaja dukani kumvizia muuzaji wake. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wasichana mbio.

Jioni ile Sharubati aliketi mlangoni kwake na bakuli la chakula. Jemedari hakuja. Kesho yake hakuja pia. Siku ya tatu alimuulizia yule mwanamke kwa muuza duka, akaelekezwa uwanjani, akamkuta Jemedari anatimua vumbi mbele ya kundi la wasichana, ulimi nje, masikio yamelala kwa upepo. Baadaye akamwona nyumbani kwa kocha, lango wazi kabisa, amelala kifudifudi kizingitini na kukoroma.

Wiki ilipotimia alifika langoni, uso umemshuka.

"Umemroga," alimwambia kocha.

"Nimemchosha."

Sharubati alipiga mluzi, ule wa kumwitia chakula. Jemedari aliamka, akaja mbio, akamlamba mikono yote miwili mpaka viwikoni, mkia ukimpiga mapajani. Sharubati akapata matumaini, akarudi nyuma hatua chache nje ya lango. Jemedari alimtazama kidogo, akapiga mwayo, akarudi kizingitini kulala.

Machozi yalimtoka Sharubati, na safari hii hayakuwa ya biashara. "Miaka yote hii nilijua ananirudia mimi."

"Anakupenda, hilo halina ubishi," kocha alisema kwa upole. "Ila alikuwa anatafuta pa kukimbilia, nawe ulikuwa unamtafutia pa kufungwa."

Hilo lilimwingia. Alisimama akichezea kufuli la lango.

"Naweza kuja kumwona siku moja moja, dada?"

"Kila siku ukitaka. Alfajiri, uwanjani. Hatusimami kupiga soga, kwa hiyo njoo na raba."

Na Sharubati, ambaye maishani hakuwahi kukimbia ila akifukuzwa, alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake kuazima raba.