Mguu wa Kulia wa Alhamisi Kuu

Jumapili, 17 Machi 2024

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Tumsifu Yesu Kristo, ewe utakayelifungua daftari hili siku nitakapokuwa nimekwisha kulazwa kando ya shamba langu la mananasi hapa Kiwangwa. Salamu kwako, kwa wazazi wako, na kwa wote wanaokula nyumbani mwako. Anayeandika ni mimi, Desideri, katekista mstaafu, umri miaka sabini na miwili. Sijambo, ila magoti.

Leo Paroko ametuagiza kwamba katika majuma mawili yaliyosalia ya Kwaresima kila mwamini achague fadhila moja, aikuze, na kila mara aandike amefika wapi. Mke wangu Chausiku amechagua ukimya. Tutaona. Mimi nimechagua unyenyekevu. Sikubahatisha. Nimeuchagua kwa sababu tayari ninao mwingi, na ni busara mtu kuanzia pale alipo na mtaji.

Tangazo la pili ndilo lililonizuia kumeza chakula cha mchana. Siku ya Alhamisi Kuu Paroko atawaosha miguu watu kumi na wawili, kama Bwana alivyowaosha mitume. Parokia ina jumuiya kumi na mbili. Kila jumuiya itoe mtu mmoja. Yetu itachagua Jumamosi.

Ndugu msomaji, nilikuwa katekista miaka thelathini na minane. Kila Alhamisi Kuu nilishika beseni. Miaka mingine jagi. Nimewaona maparoko saba wakiinama mbele ya miguu ya watu. Sikuwahi kukaa. Hata mara moja! Katekista hakai, katekista humwaga maji. Sasa nimestaafu, beseni limepata mwenyewe mpya, na kabla sijafa natamani kukikalia kile kiti mara moja tu. Padre ainame. Nami nitazame mbali, kwa unyenyekevu.

Nimejizoeza kutazama mbali mbele ya kioo. Inapendeza.

Jumanne, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, mtu asiyejikweza. Nimemsoma kwa makini, kama fundi anavyomsoma fundi mwenzake.

Nimewapima wanajumuiya wote. Mpinzani ni mmoja: Adamu, fundi baiskeli. Baba yake alikuja huku kukata mkonge. Ni Mnyamwezi, nami ni Mzaramo, hivyo ni watani, na ananitania hadi msibani. Husinzia wakati wa mahubiri. Litania haijui. Hata hivyo watu wanampenda, nadhani kwa sababu huwatengenezea wajane baiskeli bila malipo, jambo ambalo mimi naliona ni la kujionyesha.

Mpango wangu ni huu. Sitaomba. Watanitaja wenyewe, nami nitakataa. Mtu wa heshima akikaribishwa chakula harukii sinia. Husema ameshiba. Mwenyeji humsihi, husema tena ameshiba. Mara ya tatu hunawa. Basi nitakataa mara mbili, na mara ya tatu nitainamisha kichwa. Kukataa kwenyewe nimekwisha kukuandika katika karatasi. Kukataa kwa pili ni kuzuri zaidi; kuna kunukuu Zaburi.

Jumamosi, 23 Machi

Siku ya huzuni.

Tulikutana uani kwa Lulu, mwenyekiti wetu. Ni mama wa haraka; anauza mananasi kwa jumla, na mazungumzo yake yote ni kama yu kwenye simu. Baada ya sala alinitaja mimi. Wa kwanza! Watu wakapiga makofi. Nikasimama taratibu, nikasema la hasha, mimi sistahili, wapo wenzangu. Nikanyamaza, nikingoja kusihiwa.

Lulu akasema, "Haya Mzee wetu, tumeheshimu." Akaandika.

Akaandika! Mara moja tu! Hata chai ya rangi mtu hukaribishwa mara tatu!

Nikadhani hakunisikia vizuri. Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, pamoja na Zaburi, kwamba sistahili kabisa. Lulu akanishika bega kwa upole, akasema nisiwe na wasiwasi, hakuna atakayenilazimisha.

Kisha akamgeukia Adamu. Adamu hakukataa hata mara moja. Alisema asanteni, atakwenda, na kwamba miguu yake ilikuwa inayatafuta maji siku nyingi. Watu wakacheka. Hivyo ndivyo walivyomchagua mtu wa unyenyekevu.

Nyumbani Chausiku aliniangalia, akafungua mdomo, akakumbuka fadhila yake, akaufunga. Lakini mabega yalikuwa yakimtikisika.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemtembelea Adamu kibandani kwake. Nimempa mafundisho ya nusu saa juu ya uzuri wa kukataa heshima. Nimemweleza kwamba watakatifu wengi walitoroka usiku ili wasifanywe maaskofu. Alisikiliza vizuri, mkono ukiwa ndani ya tairi. Mwishoni akasema ni kweli, na kwamba watakatifu hao bila shaka hawakuwa na magaga kama yake.

Akavua ndala. Msomaji, visigino vile! Nyufa ambazo mjusi angeweza kuzaa humo. Akasema hilo tu ndilo linalompa taabu: Paroko wa watu atajikwaruza.

Hapo likanijia wazo. Sisemi lilitoka wapi.

Nikamwambia dawa ya magaga ni hina. Na huo si uongo! Wanawake wa pwani yote hii hukandika hina kwenye visigino, na nyufa hufunga. Nilichoacha kukitaja ni rangi, ambayo hukaa majuma matatu. Sikusema uongo. Nilisema nusu ya kwanza.

Mahesabu ni mepesi. Mwanamume wa miaka sitini na mitano, miguu ya bi harusi, mbele ya parokia nzima? Ataona haya. Atajitoa. Jumuiya itarudi kwangu. Na safari hii nitakubali kabla hawajamaliza sentensi.

Adamu alinishukuru sana. Alinipa pampu ya baiskeli. Mimi sina baiskeli.

Jumanne, 26 Machi

Nimempeleka Adamu kwa Ummy, binti wa jirani yangu Mwinyimvua. Ni mpakaji hodari wa hina, na kwa kuwa Idi inakaribia tayari mabakuli yake yalikuwa yamejaa. Alitupa shikamoo, tukaitikia marahaba, akauliza ni nani kati ya babu zake anayeolewa.

Adamu akasema wote wawili.

Nikashtuka. Nikasema mimi sihitaji. Adamu akasema haiwezekani mtani aliyemletea dawa arudi na magaga yake mwenyewe. Watu watasema Mnyamwezi ni mchoyo. Nikasema hapana, kwa kweli, miguu yangu haina shida. Akaniinamia, akanishika mkono, akasema, "Tafadhali, mtani wangu, kaa." Mara ya tatu! Katika kijiji kizima hiki mtu anayejua adabu ya kusihi ni huyu mmoja, naye ameitumia leo!

Nimekaa. Mtu wa heshima hawezi kukataa mara ya tatu.

Saa tatu nzima tumekaa pale barazani, miguu imefungwa vitambaa, kama mwali na mwenzake. Mwinyimvua alipita akirudi kutoka msikitini, sala ya adhuhuri. Alisimama. Alitutazama sana. Akasema amefunga na hapendi kuiharibu saumu yake kwa kumcheka mwenzake. Akazunguka nyuma ya nyumba. Tulimsikia kutoka huko kwa muda mrefu.

Jumatano, 27 Machi

Nyekundu! Si ya kufifia. Nyekundu iliyoiva, toka kisigino hadi kidole gumba!

Nimesugua kwa sabuni. Nimesugua kwa majivu. Nimesugua kwa mchanga wa mto. Nimekamua ndimu sita na kuiloweka miguu mpaka jua likapinduka, Chausiku akinitazama kutoka jikoni bila neno. Nilipoitoa ilikuwa inakaribia weusi. Ndipo aliponiandikia katika kipande cha karatasi kwamba ndimu hukoleza hina. Nimemuuliza mbona hakusema mapema. Ameandika chini yake: "Nilikuwa nakuza fadhila."

Alasiri Adamu amekuja. Amesimama mlangoni, amevaa viatu vya kufunika, kofia mkononi. Amesema kwamba amejitazama miguu, na kwamba ameona haya. Je, mtani wake angekubali kukikalia kiti kile badala yake? Amekwisha kumwambia Lulu, na Lulu ameridhia.

Nilisema nakubali kabla hajamaliza. Sauti yangu ilitoka nje, mbuzi wakageuka.

Adamu akaniaga. Nikaketi kitandani kwa furaha kubwa. Kisha nikatazama chini.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Naandika nimefunga.

Jana niliingia kanisani na soksi nyeupe. Nilikuwa wa tisa katika mstari. Niliamini kwamba Paroko, akiona umri wangu, atanyunyiza kidogo juu ya soksi na kupita. Kwa wale wanane alikwenda vizuri: maji, taulo, busu. Alipofika kwangu alipiga goti, akatazama soksi, akaninong'oneza, "Mzee, vua wa kulia."

Nikasema kwamba sistahili. Akasema hata Petro alisema hivyo.

Nikavua.

Kwaya ilisahau ubeti. Kisha kutoka mabenchi ya wanaume sauti ya Adamu ikapaa, na mpaka leo namwombea, "Jamani! Mwali wa Kizaramo anatolewa!" Mama mmoja akapiga kigelegele. Akafuatwa na benchi zima. Vigelegele, katika Misa ya Karamu ya Bwana!

Paroko ni mtu wa bara, hajatuzoea. Alidhani ni damu. Aliuliza kwa huruma kama nimeumia. Nikamjibu, ni hina, Padre. Akainamisha kichwa juu ya mguu wangu na sikuuona uso wake tena, ila mabega yake niliyaona, nayo yalikuwa katika hali ileile ya mabega ya Chausiku. Kisha akaosha. Akaosha, akasugua, akaomba jagi la pili. Hakuna mguu ulioshikwa kwa muda mrefu kama ule.

Sikuweza kutazama mbali. Mazoezi yote yalipotea. Nilitazama utosi wa Paroko, ambapo nywele zimeanza kupungua, na viganja vyake, na maji yale yaliyokuwa ya uvuguvugu. Miaka thelathini na minane sikujua kwamba huwa yanapashwa moto. Machozi yalinitoka. Naandika kwamba maji yaliniruka machoni.

Leo tumeabudu Msalaba, na kama ilivyo desturi kila mtu alivua viatu. Mbele yangu katika mstari alikuwa Adamu. Miguu mitupu, myekundu kama yangu, akatembea kanisa zima taratibu, kichwa juu, akiwakonyeza watoto waliomwoneshea vidole. Hakuonyesha haya hata chembe.

Jambo hili limenisumbua. Juzi alisema anaona haya.

Jumapili ya Pasaka, 31 Machi

Bwana amefufuka! Na Chausiku amefungua mdomo. Majuma mawili ya maneno yametoka kabla ya chai.

Anasema Adamu alikuja hapa Jumapili iliyopita, nikiwa shambani, kuuliza kwa nini mtani wake hamsalimii vizuri. Chausiku alimwandikia jibu katika karatasi: kwamba nilitaka kiti kile, kwamba nimeshika beseni miaka thelathini na minane. Adamu alisoma, akasema alikuwa hajui, na kwamba kiti ni changu. Tatizo lililobaki ni namna ya kunipa bila kunifedhehesha. Na rangi ya hina aliijua. Marehemu mke wake alijipaka kila mwaka. Nilipomletea dawa yangu alitambua mara moja nilichokuwa natafuta, akafurahi, kwa kuwa nimempa kisingizio.

Chausiku alipomaliza alinitazama kama mtu anayengoja jambo.

Nimetoka, nimezunguka shamba lote la mananasi, nimetafakari kwa uzito unaostahili. Na nimeona ukweli. Adamu alikuwa akishindana nami! Alitoa kiti kwa siri, akafanya nidhani ni haya, akatembea na miguu ile mbele ya Msalaba, yote ili aonekane mnyenyekevu kuliko mimi. Na akaficha, ili ionekane zaidi! Msomaji, kiburi kinaweza kuingia kwa njia za ajabu sana katika roho ya fundi baiskeli.

Nimemsamehe. Ili asibaki na shaka, nimemwomba Lulu nafasi ya dakika kumi katika mkutano wa jumuiya, nimsamehe nikiwa nimesimama, watu wote wakisikia. Nimekwisha kuandika kurasa nne. Kwa Paroko nimepeleka barua ya kumjulisha kwamba unyenyekevu wangu umekamilika siku nne kabla ya wakati, kwa kuhesabu toka Jumatano, nikimuuliza kama parokia ina utaratibu wa kutoa cheti.

Adamu amepita jioni na sahani ya pilau, akaniita bi harusi, akala nusu yake humuhumu kwangu. Nimemvumilia. Hajui kinachomngoja.

Nawe uliyefika hapa, Mwenyezi Mungu aibariki nyumba yako, madirisha yake na jiko lake; akulinde wewe, na mwenzi wako, na wazee wako, na wote wanaovua viatu mlangoni pako. Akupe moyo mpole. Na ikiwa siku utakayosoma haya mimi sipo, na Adamu yupo, umtafute, umpe mkono, umwambie kwamba katika unyenyekevu nilimshinda, lakini sikutaka ajue.