Habari za Mguu wa Ghati Uliohukumu Ngoma Woodbridge

Zimeni redio za magari yenu, enyi mliokwama kwenye barabara kuu ya I-95, nanyi mlio kazini Fairfax mkijifanya mko mkutanoni, tegeni sikio moja kwa siri; maana nawasimulia vita vilivyopiganwa Jumamosi moja ya Julai katika uwanja wa shule pale Woodbridge, huku ughaibuni, vita ambavyo havikumwaga kitu ila soda, na ambavyo shujaa wake alishinda akiwa ameketi. Mimi Anatoli, mchoma nyama wa tamasha letu la kila kiangazi, niliyashuhudia yote kutoka nyuma ya jiko la mkaa, na kama moshi uliniingia machoni, masikioni haukuniingia.

Jueni kwanza chanzo cha uhasama. Kila mwaka Wakenya wa Woodbridge na Watanzania wa Falls Church huleta uwanjani vikosi vya watoto wao vya ngoma na tarumbeta, vikashindana kwa mdundo, kwa mlio na kwa kwata, kama watoto hao walivyofunzwa katika shule za huku. Waamuzi ni watatu: wa kwanza hutazama kwata, wa pili husikiliza tarumbeta, wa tatu husikiliza ngoma. Wale wawili hula nyama yao kwa amani. Mwamuzi wa ngoma ndiye mwenye mtihani, kwa kuwa karatasi yake ina alama za mdundo na pia ina alama za utamu, na hajazaliwa mwenye ratili ya kupimia utamu. Mtoto aliyekosea hatua huonekana hata na mwenye makengeza. Lakini utamu wa ngoma kila mzazi ana wake, nao mara zote umevaa sare ya mwanawe.

Kiti hicho cha moto kilikaliwa na Ghati binti Marwa, nesi wa Fairfax, Mpima Mapigo ya Mioyo, Mvuka Barabara ya Beltway Alfajiri, Asiyepiga Honi Hata Akichomekewa. Alichaguliwa kwa sababu ni Mkurya, na Wakurya mpaka umewapitia katikati, wajomba wako Kenya na mashangazi wako Tanzania. Watu wa kamati wakasema huyu hataelemea upande wowote. Walisahau kwamba mtu wa pande mbili hushukiwa na pande zote mbili.

Mwaka jana, ole wetu, kichwa chake kilitikisika. Falls Church walishinda kwa nusu alama, na kabla mkaa wangu haujapoa, klipu ilikuwa imezunguka kwenye WhatsApp: kichwa cha Ghati kikienda juu na chini wakati ngoma za Watanzania zikirindima, na chini yake swali, hakimu ama shabiki? Hata Woodbridge nzima ingemnunia, asingekosa usingizi. Aliyemkosesha usingizi ni Awino.

Awino, nesi mwenzake katika hospitali moja, ndiye aliyempokea Ghati kwenye baridi yake ya kwanza, akamvua koti jepesi alilotoka nalo nyumbani na kumvika lake, akamfundisha kuingia barabara kuu bila kufumba macho. Na Jumamosi kwa Jumamosi walikula ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, jikoni kwa Awino, wakicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Sasa binti yake Awino, Cheryl, ndiye kiongozi wa ngoma za Woodbridge. Tangu klipu ile, omena ilikoma, na Awino akawa anamsalimu Ghati koridoni kwa Kiingereza, kama anavyosalimiwa mtu wa bima. Mwaka mzima wa "Good morning, Ghati". Jamani, hata mimi ningelia.

Kwa hiyo Ghati akala kiapo kwamba safari hii hatatikisika, liwalo na liwe, akajiandaa kwa vita kama walivyojiandaa mashujaa wa kale. Shingoni alijifunga kola ngumu ya hospitali, ile wanayovalishwa waliopata ajali, ili kichwa kisipate njia ya kwenda juu wala chini. Mabegani alitupia koti la baridi, katika jua ambalo lilikuwa linanichomea nyama bila msaada wangu, ili bega likithubutu kucheza lisionekane. Mkono mmoja akaukalia, wa pili akaupa kalamu na onyo. Watu walipomwona wakampa pole ya ajali, naye akazipokea zote bila kutingisha shingo, kwa kuwa hangeweza.

Falls Church ndio walioshambulia kwanza. Ngoma ndogo zilimwagika kama mvua ya mawe juu ya bati, ngoma kubwa zikajibu kutoka tumboni mwa ardhi, na mimi niliyekuwa na koleo mkononi nikajikuta nageuza nyama kwa mdundo. Lakini Ghati, enyi wasikilizaji, Ghati alikaa. Mdundo ukapanda mpaka shingoni, ukakuta lango limefungwa; ukashuka mabegani, ukazama ndani ya koti; ukajaribu kiuno, ukakuta kiuno kimebanwa na kiti cha plastiki chenye mikono. Woodbridge nao wakaingia, Cheryl mbele, vijiti vyake havionekani kwa kasi, tarumbeta zikilia nyuma yake hata kina mama wakasimama juu ya mabenchi. Jasho lilimtiririka shujaa wetu mpaka kwenye karatasi ya alama. Hakutikisika. Nilimwambia jirani yangu kwamba hapa tumeona nguzo.

Hakuna ngome isiyo na tundu. Meza ya waamuzi ilikuwa na kitambaa kilichoishia magotini, na chini ya kitambaa kulikuwa na mguu wa kulia, ambao Ghati hakuufunga, hakuufunika wala hakuukumbuka. Na kwenye benchi la chini kabisa, macho usawa na magoti ya waamuzi, alikuwa ameketi Awino na simu yake. Alikuwa amemwagiza mumewe Kamande arekodi mtoto, ili yeye amrekodi hakimu, tangu pigo la kwanza hadi la mwisho, bila kupepesa.

Gwakisa, mshika kipaza sauti wetu, akatangaza matokeo kwa sauti ya mtu anayetamani kuwa kwingine. Kwata sare, tarumbeta sare, ngoma Falls Church, kwa nusu alama. Upande mmoja ukalipuka kwa vigelegele, upande wa pili ukaganda, na Awino akainuka, akatembea hadi mbele ya meza, simu mkononi kama upanga.

"Ghati, mimi sikuchukii," akanena. "Lakini mwaka jana ulitu-judge na kichwa, mwaka huu umefunga kichwa ukatu-judge na mguu. Nimeku-record mwanzo mpaka mwisho. Sasa niambie mbele ya watu, huo mguu ni wa Tanzania ama ni wa Kenya?"

Ghati akainuka taratibu, akigeuka mwili mzima kwa sababu ya kola.

"Dada Awino, shamba la babu yangu mpaka unapita katikati. Ng'ombe wetu walikuwa wanalala Tanzania na kunywa maji Kenya, na hakuna aliyewadai pasipoti. Shingo niliifunga kwa ajili yako. Mguu niliusahau. Kama ulipendelea upande mmoja, waonyeshe watu wote, na kiti hiki sikikalii tena."

Gwakisa akaunganisha simu na spika zake, na kaumu yote ikasonga, wafupi mbele, warefu nyuma, mimi na koleo langu katikati. Zikalia ngoma za Falls Church, na kwenye kioo cha simu mguu ukaonekana ukipiga nyasi, tap, tap, tap. Wakenya wakaguna, mnaona sasa. Kisha zikalia za Woodbridge, na mguu ule ule ukaendelea, tap, tap, tap, kwa uchu ule ule, tena mara hii hata kisigino kilijiunga. Hakuna aliyeguna.

Nilimtazama Awino. Wakati wa kurekodi alikuwa na hasira, na mwenye hasira huona anachokitafuta. Sasa ndipo alipoona kilichokuwepo. Bila shaka alilikumbuka na jambo ambalo sisi sote tulilisahau: mwaka jana, Woodbridge walipopiga, simu zote za wazazi wao ziliwaelekea watoto, na hakuna hata moja iliyobaki kumtazama hakimu. Huenda kichwa kilitikisika na kwao pia. Nani angejua?

Kisha ukafika mwisho wa onyesho, ile sehemu ya vijiti visivyoonekana, na hapo kila mwenye masikio akasikia. Mguu ulikuwa kwenye mwendo wake ule ule, na ngoma zilikuwa zimeutangulia. Zilikimbia, zikazidi kukimbia, mpaka mguu ukashuka peke yake, ngoma zikiwa zimeshapita.

"Mom, we rushed the ending," akasema Cheryl, vijiti vikiwa kwapani. "We all felt it." Watoto wetu Kiswahili wanakisikia, ila ukweli huusema kwa Kiingereza.

Awino, ambaye ameimba kwaya tangu ubatizo, hakuhitaji tafsiri. Akawageukia watu wake.

"Mguu uko sawa," akasema. "Ni sisi tulikimbia."

Msidhani amani ilikuja hapo hapo. Kamande akataka kujua habari za utamu, na karatasi iliposomwa, kumbe Ghati aliwapa Woodbridge utamu mwingi kuliko Falls Church, akawakata kwenye mdundo tu. Sasa ikawa zamu ya Watanzania kununa, wakiwa na kombe mkononi. Ghati akawaambia kwamba utamu ni wa sikio lake, hapo wamlaumu mpaka kiangazi kijacho; mdundo ni wa kila mtu. Kamati ikakutana papo hapo kando ya jiko langu na kutoa amri ya kudumu, kwamba kuanzia mwakani meza ya waamuzi haitakuwa na kitambaa, na shingo za waamuzi zitakuwa huru.

Basi iingie katika tarehe za nchi hii, kando ya vita vyake vikubwa, kwamba palikuwa na mwanamke aliyeyakabili majeshi mawili kwa mguu mmoja, naye hakuelemea. Ila ushindi wenyewe niliuona baadaye, watu walipokuwa wakikunja viti. Awino alimfuata Ghati, akamshika kola ile na kuifungua kwa mikono ya nesi, kraaa.

"Toa hii kitu, joto itakuua," akamwambia. "Jumamosi ijayo usikule kwako. Omena iko."

Ghati akatikisa kichwa, juu na chini, juu na chini, mbele ya uwanja mzima. Hakuna simu iliyorekodi, na ndiyo sababu nimewasimulia.